Maelezo Kuhusu Fundi Aliyepigwa kwa Sababu ya Hita

Shahidi: Mke wa mtuhumiwa
Umri: Miaka 41
Kazi: Mshonaji wa sare za shule
Makazi: Nyumba za kupanga, nyuma ya kiwanda cha mbao

Ninaeleza kwa hiari yangu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa.

Mnamo tarehe 9 Julai, saa tatu asubuhi, mimi na mume wangu tulimchukua mama mkwe hospitali, alikolazwa kwa ugonjwa wa kifua. Baridi ilikuwa kali. Mume wangu aliwasha hita ya gari, ikapuliza baridi tupu. Mama mkwe alikohoa njia nzima. Tukaingia gereji iliyo jirani na kituo cha mafuta.

Fundi ni kijana mpole. Aliacha injini ipate moto, kisha akashika mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita na kuyarudisha. Akasema mmoja unaunguza na mwingine ni wa baridi, kwa hiyo maji hayapiti; rejeta ndogo ya hita imeziba. Akamuuliza mume wangu anatumia maji gani. Mume wangu akajibu kwamba siku zote anaweka kulanti, yale maji ya dawa yanayozuia kutu.

Haikuwa kweli. Anaweka maji ya bomba, na mimi ndiye ninayemletea jagi. Nilikuwa kiti cha nyuma, kioo kiko wazi, nikanyamaza.

Fundi alizima injini, akalegeza ule mpira wa baridi, akakinga maji kidogo kwenye kopo. Yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Akasema, "Kaka, hii ni kutu. Kulanti haiwi hivi."

Hakusema kwa kejeli. Ila wateja wengine walicheka, na mama mkwe alikuwa anasikia. Mume wangu akachukua spana iliyokuwa juu ya betri, akampiga fundi usoni, halafu kwenye mkono aliojikinga nao. Fundi hakurudisha.

Mimi nilipandisha kioo. Sijui kwa nini. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, shuka umshike mumeo." Sikushuka. Alishuka yeye, na kifua chake kile, akasimama kati yao.

Nimesikia fundi amevunjika vidole viwili. Jana mume wangu alinielekeza niseme fundi ndiye aliyeanza. Nilimkubalia, na nia hiyo nilikuwa nayo mpaka nilipoketi kwenye kiti hiki. Naona aibu kwa yale niliyonyamazia gereji. Naona aibu pia kwa hili ninalomfanyia baba wa watoto wangu leo.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni hayo, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maandishi ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Aliuliza kama kituo kina mlango wa nyuma, kwa kuwa mumewe, aliye nje kwa dhamana, alikuwa akimsubiri mapokezi. Nilimjibu hakuna. Nikatoka naye.