Masuke Meupe

Mjukuu wangu Lameki,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa kijijini. Mama yako amepona kifua. Ng'ombe wamebaki wawili, tusiseme mengi.

Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kudai kura zihesabiwe upya wakati mkubwa ameshatangaza mshindi.

Enzi za Mjerumani, nikiwa mke mpya, akida aliamuru kijiji chetu kichague jumbe. Kila kaya ilileta suke moja la mtama: jeupe kwa anayemtaka jirani yetu mkulima, jekundu kwa anayemtaka shemeji wa akida. Yalitiwa kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti, akida akaingia nacho ndani. Alasiri alitoka akasema, "Shemeji yangu ameshinda."

Baba mkwe wangu alisimama. "Lete kilindo tuhesabu wote."

"Masuke yameshapurwa," akida akajibu. "Una shahidi gani?"

Shahidi nilikuwepo. Akida alikuwa ametuita wanawake watatu uani kwake tuyapure, na mimi ndiye niliyeyachambua. Meupe yalijaza ungo. Mekundu niliyabeba kwa mkono mmoja. Nikatazama chini. Yaliyompata baba mkwe siyaandiki.

Jioni jumbe mpya alitugawia ugali wa mtama uleule, tonge moja moja, maana kulikuwa na njaa. Ulikuwa mweupe, Lameki. Kijiji kizima tuliuona weupe wake, tukanawa mikono, tukala.

Basi habari za adabu usiniulize mimi.

Bibi yako