Moyo Wangu Si wa Mkwe

Kitale, 3 Machi 2025

Mpendwa Mayi, mama yangu,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, watoto wanakula vizuri. Habari ya miguu?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "niko sawa" halafu unakata. Karatasi huwezi kuikata. Matthew, ndugu ya mume wangu, ameniambia ulifika kliniki anakopima wagonjwa huko Bungoma, ukakataa kupimwa moyo, ukachukua mkoba ukaondoka. Kwa nini? Mashine yenyewe ni ndogo kama simu, haichomi. Wanapaka mafuta kifuani na moyo unaonekana ukipiga. Zamani ungetumwa Eldoret kwa jambo hilo. Nilimwomba Matthew akushughulikie mwenyewe ili usipange foleni.

Unahema kama mtu aliyepanda Mlima Elgon. Tafadhali rudi.

Bintiyo,
Fridah

Chwele, 11 Machi 2025

Mwanangu Fridah,

Salamu zimefika, nami nakurudishia. Vitunguu vinauzika, ashukuriwe Mungu. Miguu imevimba, kweli, na siku hizi nalala nimeegemea magunia.

Sasa nikuulize, nani alikuroga? Matthew ni ndugu ya mume wako, kwa hiyo ni mkwe wangu. Mkono wake sijaushika tangu harusi yako. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Leo ati nifungue blauzi, nilale mbele yake, apake mafuta chini ya titi lililokunyonyesha? Aliponiona, hata yeye alitazama dari. Kijana ana adabu kuliko wewe.

Sirudi kwake. Nikifa, nitakufa na nguo zangu.

Mama yako,
Nakhungu

Kitale, 17 Machi 2025

Mayi,

Natumaini unaendelea vizuri, ingawa siamini. Mambo ya mkwe ni ya zamani. Kliniki haina mkwe, ina daktari na mgonjwa. Unachagua heshima au uhai? Mimi sitaki kuja kukuzika huku watu wakisifu adabu yako. Ukikataa tena, nitakuja na mume wangu tukubebe, na hilo soko utaliacha uje ukae Kitale.

Bintiyo,
Fridah

Kitale, 22 Aprili 2025

Mayi,

Hujambo? Umenyamaza mwezi mzima na simu hushiki. Jirani anasema ulionekana sokoni. Nimelia, nakwambia wazi. Sikupaswa kukutisha. Niandikie hata neno moja.

Fridah wako

Chwele, 5 Mei 2025

Fridah mwanangu,

Usilie, niko hai, na ninyi huko nawaombea afya. Nilinyamaza kwa hasira. Pumzi ya kukasirika na ya kuandika hazikutosha kwa pamoja.

Ulisema nichague heshima au uhai. Nimekataa kuchagua. Nilirudi kliniki, nikapanga foleni kama watu wengine, na zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti: "Nataka kupimwa moyo, lakini huyu kijana ni mkwe wangu. Si kuna mwanamke hapa anajua hii mashine?" Watu wakacheka. Nikaketi sakafuni nikawaambia siondoki. Saa sita wakamleta Sumeya, nesi aliyesomea kazi hiyo. Alifunga pazia, akanifunika leso, akaacha wazi mahali pa kupima tu.

Niliuona moyo wangu, Fridah. Umepanuka na unapiga kivivu. Sumeya hakunificha: hautakuwa wa msichana tena, lakini dawa za siku hizi zinaweza kuuinua. Nikamwambia pia ile dawa ya kukojoa aliyonipa ya kupunguza uvimbe sitaimeza asubuhi ya soko, maana choo kiko mbali na vitunguu havijilindi. Hayo ningemwambia Matthew kwa mdomo gani? Sumeya akasema siku hiyo nimeze mchana nikirudi. Basi, yakaisha. Wiki ya tatu sasa, na viatu vinanitosha.

Kitale siji. Jumatano narudi kliniki na wanawake watano wa soko, wote wanahema kama nilivyokuwa nahema, wote walikikimbia kile kitanda cha kupimia. Mwambie Matthew asiudhike, lakini siku hiyo akae nje. Tusipompata Sumeya tutaketi sakafuni sote.

Tungekuwa saba. Nyambu, yule muuza viazi, tulimzika Jumamosi. Miguu yake ilikuwa imevimba kama yangu, na mara mbili alifika mlango wa kliniki akageuka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mama yako,
Nakhungu