Baba Kwenye Pazia la Kinyozi

Jumatatu, 6 Juni 1994

Leo nimeikuta treni kwa kinyozi. Naandika upesi kabla sijaanza kujiambia nimeota.

Nilikwenda Lizaboni kwa Baltazar kupunguza nywele. Mlangoni pake siku hizi kuna pazia la kuzuia nzi — vipande virefu, vyembamba, vyeusi vya kung'aa, ukipita vinalia chwa-chwa. Kimoja kikaninasa hereni. Nikakivuta kwa hasira, nikakiinua juani nione ni takataka gani. Reli! Vyuma viwili, mataruma, mlima. Vipicha vidogo kama ukucha, kimoja chini ya kingine, mamia kwa mamia.

Nikakaa palepale kwenye benchi la wateja.

Baltazar kanieleza bila haya. Aliokota kwenye shimo la taka nyuma ya ofisi yetu ya habari, mwezi wa nne, stoo iliposafishwa. "Plastiki nzuri hii, sista. Haiozi." Kaikata kwa mkasi uleule wa nywele, kila kipande urefu wa mlango.

Na nani alipiga chapa orodha ya vitu vya kutupwa? Mimi! Tumpe Mwaipaja, mpiga chapa daraja la pili. "Filamu kuukuu, makopo kumi na manne." Niliiandika huku natafuna karanga. Kopo moja nikajichukulia, nalipikia keki. Sikuuliza ndani mlikuwa na nini. Loo, Tumpe!

Filamu yenyewe naijua kama njia ya kwetu. Mpiga picha alikaa mbele kabisa ya kichwa cha treni, mwaka ule Reli ya Uhuru ilipoanza, wakapanda milima ya kule Mlimba. Saa nzima wameibana ikawa dakika sita. Madaraja yanakurukia. Mlima unajipinda. Watu pembeni wanahangaika kama kumbikumbi. Gari la sinema lilipokuja kijijini kwetu Rungwe nilikuwa darasa la tano. Handaki la kwanza, giza, mayowe! La pili, mayowe! La tatu — na ukitoka tu kwenye mwanga, treni inapunguza mwendo kwa sababu genge linatengeneza njia, na pale pembeni kuna mwanamume ana koleo. Anakwenda hatua mbili tatu, anapandisha suruali, anainua kofia. Kijiji kizima kikasimama. "Ramson! Baba Tumpe huyo!" Kwisha. Kapita.

Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Homa, huko huko kambini. Wenzake walimzika, sisi habari ikatufikia wiki tatu baadaye. Picha yake hatuna hata moja, hata ile ya kitambulisho. Baba yangu yumo kwenye filamu ile tu, sekunde mbili hazifiki.

Na sasa watu wanaokwenda kunyoa ndevu wanampangua kwa mabega. Sikubali. Nitaiunga yote, kipande kwa kipande, na mama ataiona.

Jumanne, 7 Juni

Baltazar mbishi. Wamatengo wakishika neno! Anasema akiondoa pazia nzi watarudi, na wateja wamelizoea. Nikamwambia mle ndani mna baba yangu. Akanitazama kama mtu anayetaka kuniitia ndugu zangu. Nikamwonyesha reli juani. Akajikuna, akasema: basi lete pazia uchukue pazia.

Nikateremka Mjimwema nikang'oa la mlangoni kwangu, lile la maua nililolidarizi mwenyewe. Sasa wapangaji wenzangu wote wanaona kitanda changu. Waone!

Alikata vipande thelathini na tatu. Nimepata ishirini na tisa. Vitatu alivitupa — "vilikuwa vyeusi tupu, sista, havina picha, vya nini?" Mungu wangu, ndiyo mahandaki hayo! Kimoja kilichobaki alimpa mteja mmoja wa Tunduru, jina Bashiru, afungie gunia.

Nimevipitisha vyote dirishani mpaka jua limezama. Madaraja yapo. Ng'ombe wa pale mtoni yupo. Baba hayupo. Bila shaka! Yuko kwenye gunia.

Jumatano, 8 Juni

Nimeomba ruhusa, nimedanganya jino linauma. Nimekwenda kwa Mzee Otto, njia ya Peramiho. Ndiye aliyekuwa akiendesha gari la sinema mkoa mzima mpaka likawekwa juu ya mawe. Macho yake yamefifia, ananitambua kwa sauti. Shikamoo ya kwanza hakuitika, alikuwa ameshashika vipande.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Anakipitisha kila kipande kwenye mdomo wa chini, polepole. Nikadhani mzee kachanganyikiwa. Kumbe filamu ina upande wenye picha na upande mtupu, na ule wenye picha unanata kidogo kwenye mdomo wenye unyevu. Hivyo ndivyo walivyofanya gizani uwanjani, taa hairuhusiwi. "Hiki umekigeuza, mlongo wangu. Ungeunga hivi, kulia kungekuwa kushoto." Macho yangu mawili mazima hayakuona!

Hoja yake ya pili ni giza. Nikasema mahandaki tuyaache, hayana picha. Akakasirika kweli. Bila giza hakuna treni, anasema. Watu hawakuwa wakipenda milima, milima wanayo. Walipenda kutoka gizani.

— Sasa tutalipata wapi giza, Mzee?

Akanionyesha kiganja chake. Ataziba kioo cha mashine ya sinema kwa mkono, ahesabu hadi tano, aachie. Mara tatu.

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Halafu nikalia kidogo. Vumbi, nikamwambia jirani yangu wa siti.

Alhamisi, 9 Juni

Bashiru hajaondoka! Amekuja kununua mahindi, anangoja lori la Tunduru, anapanda kesho alfajiri. Nimempata stendi ya malori, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma, amekalia magunia yake saba.

Nimezunguka gunia moja moja kama mwizi. La tano! Limefungwa mafundo matatu, kipande kizima, mita mbili. Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya wapakiaji.

Akaniuliza nimepoteza nini, dada. Nikamweleza, sijui hata kwa mpangilio gani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Innalillahi. Nami nimemkalia tangu asubuhi." Akafungua fundo kwa meno, taratibu, hakukata. Gunia akaliacha wazi, mahindi yanamwagika, akaanza kutafuta kamba baadaye.

Nikainua juani. Weusi kidogo mwanzoni, mdomo wa handaki. Halafu nyasi. Halafu yeye.

Nimempima kwa mkono. Shibiri moja na nusu. Fundo moja limepita kwenye magoti yake.

Nilimuuliza Bashiru nimlipe nini. Akakataa, akasema kwao hata babu yake hajaona treni, yeye mwenyewe hajaona, na hiyo inakimbia kweli kama wasemavyo? Nikamwambia Jumapili ya wiki ijayo ungekuja uone. Akatazama lori. Akatazama magunia. Amemkabidhi mwenzake mzigo atangulie nao! Anakaa kwa shangazi yake mpaka siku hiyo. Watu wa Mungu bado wapo.

Jumamosi, 11 Juni

Nilikuwa na tamaa ya njia ya mkato. Nikapeleka shibiri yangu studio pale mjini, wanikuzie uso wa baba, niuweke kwenye fremu, yaishe. Kijana wa studio kajitahidi mno. Picha imetoka kama uji wa ulezi. Ukimsimamisha ni ukungu wenye kofia. Ukivuta filamu dirishani kwa vidole, harakaharaka, ni baba kabisa. Kupandisha suruali kule! Hakuna mtu mwingine.

Basi lazima aende. Sawa. Ataenda.

Nimempa dereva wa basi la Makambako barua ya mama, ataikabidhi kwa mwenzake wa Tukuyu. Kurasa tatu, nimeeleza kila kitu wazi. Njoo.

Jumatano, 15 Juni

Kuunga, kuunga, kuunga. Kazini mpaka saa tisa na nusu, halafu kwa Mzee Otto mpaka vidole vinagoma. Gundi ya filamu ilishakauka zamani, tunatumia selotepu, natoboa vitundu kwa sindano, kimoja kimoja. Nikikosea kitundu kimoja anakisikia kwa ukucha. "Rudia." Narudia.

Mkanda wa mashine uliliwa na panya. Tumeweka wa cherehani. Taa imebaki moja.

Bosi ananiuliza ukumbi wa ofisi nautakia nini Jumapili. Nikasema sinema. Kacheka — siku hizi kuna banda la video karibu kila mtaa, watu wanataka karate, nani aje kutazama reli? Nikamjibu: atakuja mama yangu. Akasaini.

Ijumaa, 17 Juni

Tumemaliza. Mzee Otto amezungusha filamu yote kwa mkono, sikio karibu kama daktari. Anasema selotepu itapita mara moja. Mara ya pili itavutika, ya tatu itakatika. Nakumbuka kule nyumbani tulivyokuwa tukipiga kelele "Rudisha! Rudisha!" na walikuwa wakirudisha.

Mara moja, basi.

Jumamosi, 18 Juni

Mama amefika! Siku mbili njiani, kalala Makambako. Jambo la kwanza: "Mlango wako uko uchi, watu watasema nini?" La pili: nimekonda. La tatu akafungua kifurushi, akatoa koti la baba.

Koti lile la sufu la kahawia. Nalijua tangu utoto, lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Kwetu mtu akifa, matanga yakimalizika nguo zake hugawiwa. Baba mdogo alishakuja kulidai mara ngapi! Mama alikataa miaka kumi na minane. Alikuwa akiwajibu: mmeniambia amekufa, mimi sijamwona, sijaliona kaburi, mtu wangu akirudi atavaa nini? Hata siku ile ya sinema kijijini hakuwepo. Alijifungia ndani. Nilimchukia sana kwa hilo, leo naweza kuandika.

Nikamuuliza kwa nini amekubali kuja sasa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

— Kwa sababu nimezeeka, mwanangu. Nimechoka kungojea mtu.

Akiisha kumwona, koti anampelekea baba mdogo. Ameshaapa mbele ya mchungaji.

Jumapili, 19 Juni

Ukumbini. Naandikia magotini. Umeme umekatika tangu saa nane, walisema utarudi saa tisa, sasa ni tisa na robo. Madirisha tumeziba kwa mablanketi ya nyumba nne, ndani giza la kutosha na baridi ya Juni. Mlango nimeuacha wazi kidogo nipate mwanga wa kuandika, maana nikikaa bure nitapiga kelele.

Wamekuja watu ishirini na kitu! Baltazar na mke wake — kanivuta pembeni kuniambia nzi wamepungua, pazia langu zuri zaidi. Bashiru mstari wa mbele, mikono magotini kama mtoto wa shule. Mzee Otto kavaa shati la kazi la zamani, kifungo cha juu kimebana.

Mzee Otto amemweleza mama, kwa adabu kabisa. Kwamba watu kwenye filamu hii watakimbia kama wendawazimu, asishangae. Kwamba kuna njia ya kumsimamisha mumewe pale pale, amtazame vizuri — ila taa ni kali, filamu ikisimama inaungua. Atampata kwa pumzi mbili, halafu atayeyuka mbele yake. Au tumwache apite. Aamue yeye.

Mama akauliza: anatembea upande gani? Kulia, nikasema. Anatoka kushoto kuja kulia.

— Mwache apite. Huyo nilimwoa anakimbia. Hakuna siku alitembea kama watu. Ukimsimamisha hatakuwa yeye.

Sijui hata kama alikusudia kusema "nilimwoa". Bashiru kacheka, mama naye kacheka, mkono mdomoni.

Tisa na ishirini. Nimemwambia akae, hataki. Amekwenda kusimama mbele, upande wa kulia wa shuka jeupe, nusu ndani nusu nje. Nimemwambia mama, utaziba picha! Anasema hajaja mpaka Songea kukaa nyuma.

Umeme! Feni ya mashine inavuma. Mkanda wa cherehani unashika.

Bashiru anafunga mlango, naandika kwa mwanga wa mashine. Daraja. Mlima. Kila mtu anasema haa. Baltazar anapiga kelele — kile alikining'iniza katikati! Kiganja cha Mzee Otto, giza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mwanga. Ng'ombe. Giza la pili. Maungio yanapita, tak, tak, yanapita. Mama hageuki. Amelifungua koti, amelishika mabegani, mikono yake juu, kama anayemsubiri mtu aingize mkono.

Giza la tatu. Mzee Otto anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu