Papa kwa L, Papa kwa R

Uvira, Jumamosi mchana. Jua kali, ziwa limetulia. Mimi pia nimetulia, kupita kiasi.

Wiki tatu tangu tumzike Papa, baba yangu. Niseme ukweli: sijalia. Watu wanakuja, wanalia, ninawapa viti. Jana niliosha sufuria zote za kilio mara mbili kwa sababu sikukumbuka kama nilikuwa nimeshaziosha. Sisikii kitu moyoni.

Kesho tunaondoa kilio, matanga yanaisha. Mama ameomba jambo moja tu: asikie sauti ya Papa. Foto ziko nyingi. Sauti haiko. Telefone yake, yenye mazoezi yote ya korali aliyokuwa anafundisha, ilizama ziwani kule Makobola mwaka jana, naye akashuka mtumbwini akicheka. Nani alijua?

Lakini nilikumbuka kwamba korali yetu iliwahi kualikwa Bwegera, na mtu mmoja alipiga video akasema ataiweka kwenye interneti. Basi siku nne nimekuwa nikiandika jina: Zakaria Lutumbi. Injini ya kutafutia iliyokuja na telefone yangu inajifanya inajua kuliko mimi. "Labda ulitaka kusema…" halafu inaniletea muuza matairi wa nchi sijui gani. Nikajaribu injini nyingine. Hiyo haikunisahihisha. Ilisema tu hakuna kitu.

Nikakubali. Hilo ndilo linaloniogopesha, jinsi nilivyokubali haraka.

Leo asubuhi alikuja Yaya Noela, dada yangu mkubwa, binti wa baba mkubwa, anayefundisha informatiki, mambo ya kompyuta, shuleni. Nilimwambia Papa hayuko kwenye interneti. Akanitazama.

"Weye unazani hii mashine iko inatafuta mu dunia yote? Hapana, Riziki. Iko inatafuta mu kaye yake."

Kaye, yaani daftari. Akanieleza huku akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, za kupika kesho: kila injini ina vimashine vyake vinavyopita ukurasa hadi ukurasa, vikinakili maneno kwenye kaye. Ukiuliza, inafungua kaye, haiendi Bwegera. Na kaye hazifanani. Moja nene, moja nyembamba, na kila injini ina akili yake ya kuamua nani akae juu. Video je? Haisikilizi sauti ya Papa, inasoma maneno yaliyoandikwa chini yake.

"Sasa kule Bwegera," akasema, "nani aliona kadi yake? Nani ataandika Lutumbi?"

Jamani.

Kwenye kadi Papa ni Lutumbi, kwa sababu karani aliyemwandikisha alisikia L. Bibi, mama yake, alimwita Rutumbi mpaka siku ya kufa kwake. Kinywani kwetu L na R ni kitu kimoja, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kujali. Kumbe mashine inajali.

Niliandika kwa R, ndani ya giyeme, zile alama za kunukuu, ili nisisahihishwe tena. Injini ya kwanza: bure. Ya pili, ile ambayo Yaya alisema kaye yake ni nyembamba: mstari mmoja. Ukurasa wa kanisa dogo. "Korali toka Uvira na mwalimu Zakaria Rutumbi."

Na chini yake, ile video. Haimbi hata. Ni sekunde chache tu, anasimamisha wimbo katikati na kumgombeza mtu wa sauti ya pili, na mtu huyo ni Mama: "Mama Riziki, unakimbia wapi? Utungojee na siye!"

Sikungoja kesho. Nilimpelekea Mama telefone jikoni. Alisikiliza mara tatu. Kwanza alicheka, kisha akaketi chini kabisa, sakafuni.

"Minye nilikungojea," akaiambia telefone. "Weye ndiye umekimbia."

Yaya alilia. Mama alilia. Mimi nilishika telefone isianguke. Bado sisikii kitu, ila kidole gumba kilibonyeza video ianze tena, na sikukiamuru.

Blogu hii haina wasomaji wengi, na leo simwandikii mtu. Ninaviandikia vile vimashine. Papa yangu, mwalimu wa korali, Uvira: Zakaria Lutumbi. Zakaria Rutumbi. Mkipita hapa, nakilini yote mawili kwenye kaye zenu.

Ni mtu mmoja.