Bafta Niliyoipasua Ndani

Kisauni, Mombasa

Kwa mama yangu Bi Mwanaesha, Siyu.

Mama, shikamoo. Naishika miguu yako yote miwili, na ule wenye uvimbe naushika polepole. Je, umepungua? Kaka Omari aliniandikia kwamba umepata dawa ya kuchua. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Lakini kama umekaa na watu, ikunje barua hii kwanza uingie chumbani. Nimeiandika kwa herufi hizi za Kiarabu ulizonifundisha mwenyewe, ili usihitaji mtu wa kukusomea.

Somo yako amefariki, mama. Mwanaesha wangu, mwanangu mchanga, hayuko tena. Tumemzika hapa Kisauni siku ya Ijumaa. Nilitaka kulizunguka jambo hili kidogo, nianze na habari za mvua, lakini mwanao hajui kuzunguka, wanijua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana mengine yatakufikia kwa vinywa vya watu.

Bwana wangu ni mzee wa Kizungu, zamani fundi wa meli, na siku hizi shughuli yake ni kupiga picha ndege wa usiku. Huku tunamwita Bwana Ndege, naye anajua na anacheka. Vita vyote hivi, watu watafuta unga, yeye atafuta mpasua sanda! Ndege mwenyewe wamjua. Kule nyumbani ukimsikia akilia, sauti kama ya sanda ikipasuliwa, ulikuwa ukitupa chumvi motoni asituletee mauti. Mchana hulala chini kwenye majani makavu, na rangi yake ni majani hayo hayo. Siku ya kwanza nilimwonyesha Bwana kwa fimbo, "Huyo hapo!" Akatega mashine yake, akapiga. Picha ilipotoka akaniita, "Hongera, Bakari, tumepata kumbi la nazi zuri sana." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baadaye tukampata kweli, chini ya mikanju, amelalia mayai. Bwana akataka tujenge kibanda cha nguo karibu yake, tukae ndani mpaka atuzoee. Akanipa jora la bafta, ile nguo nyeupe ya sanda, na siku hizi za vita bafta ni kama dhahabu. Akasema niikate vipande, niitie rangi ya magome ya mkoko ifanane na udongo.

Nikaja nayo nyumbani baada ya alasiri. Mke wangu Zuhura alikuwa uani akikuna nazi, mtoto amelala kitandani. Makasi yetu yalikuwa yameazimwa. Basi nikaing'ata bafta pindoni, nikaipasua kwa mikono pale pale chumbani. Sauti yake waijua, mama, wewe umeshawakafini wangapi.

Bi Rukia, mwenye nyumba, alikuja mbio, mikono imejaa unga. "We Bakari! Una wazimu? Wapasua sanda ndani, na mtoto kalala?"

"Sanda ya nani, Bi Rukia? Hii ni nguo ya kibanda cha ndege."

"Ndege gani?"

Nami, mdomo wangu huu, nikamtajia.

Bi Rukia akajishika kichwa, unga ukambakia usoni. Mimi nikacheka. Zuhura hakucheka. Aliingia, akambeba mtoto, akatoka naye nje wala hakunitazama.

Nusu ya bafta niliitia rangi. Magome yakaisha, nusu ikabaki nyeupe juu ya kabati. Haukupita muda mrefu Mwanaesha akashikwa na homa. Tulimpa kwinini, tukampeleka hospitali, tukamnywesha kombe la aya za Kurani. Siku moja homa ilishuka akapiga makofi, kile kimchezo alichokuwa ndio kwanza amejifunza, tukadhani amepona. Akafa alfajiri mapajani mwa mamake. Mama, nimelia kama mtoto na sioni haya kukwambia.

Sanda haikupatikana. Nilipita maduka yote ya Kongowea, nikavuka daraja mpaka mjini, kila Mhindi akinionyesha rafu tupu. Niliporudi Bi Rukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile iliyobaki i wapi?" Nikamkimbilia Bwana Ndege kumwomba. Alivua kofia yake akasema, "Chukua, chukua yote." Basi Bi Rukia akaipasua mle mle chumbani. Zuhura aliziba masikio kwa mikono miwili.

Baada ya khitma alikwenda kwao Likoni, kwa babake. Nilimfuata. Hakunitukana, heri angenitukana. Alisema, "Sikulaumu kwa kufa kwake, Bakari. Nakulaumu kwa kumwitia mauti." Nikaenda na shehe wetu, akamweleza vizuri kwamba katika dini hakuna mkosi wa ndege, ajali, saa ya mtu kufa, ni ya Mungu peke yake. Zuhura akaitikia kwa adabu, "Naam, shehe." Shehe alipotoka akaniambia, "Shehe hakuwemo nyumbani siku ile." Nikamwuliza basi atamsikiliza nani. Akasema, "Mwenye jina aseme." Ndiye wewe, mama.

Kazi ya ndege nimeiacha. Bwana aliniletea picha iliyotoka vyema, ndege amekaa juu ya mayai yake, jicho nusu wazi. Nikamrudishia. Sasa mimi ni kuli bandarini, nabeba magunia, na usiku nalala kwenye chumba chenye kitanda kidogo ambacho sina moyo wa kukitoa.

Nisalimie Kaka Omari, umwambie asije, nauli aitunze. Nisalimie Shangazi Fatuma na wanawe wote, na maalim wa chuoni aliyekuwa akinichapa, aniombee dua. Majirani nao salamu, wale wasioniombea mabaya.

Mama, nina haja moja. Mwandikie Zuhura kwa mkono wako. Mwambie mtoto alikuwa somo yako, na kwamba aliyemchukua ni Mungu, si ndege wala si nguo wala si mimi. Mwandikie hivyo hata kama wewe huamini. Na kama huamini, ukiona ni mimi niliyemwitia, basi yeye usimwambie kamwe. Niandikie mimi peke yangu. Wewe ni mamangu, kwako nitaupokea ukweli huo.

Mwanao,
Bakari