Soda ya Kijumba

Jumanne, Bangkok, kwa Kadzo

Ile soda nyekundu nimeinywa mimi, na sikujua nitamtazamaje mama mkwe wa binti yangu.

Lakini nani aweke soda kwenye kijumba uani, mrija umeshatiwa, halafu ategemee mtu wa Chaani aipite kwa jua lile? Kile kijumba juu ya nguzo nilidhani ni cha njiwa.

Kadzo alinikuta namalizia. "Mama, hiyo ni ya mizimu inayolinda nyumba."

Mimi, mama wa kanisa, nimeinyang'anya mizimu soda. Kule Kaloleni nyanya akiwamwagia koma, mizimu ya wazee wetu, uji wao, sisi watoto hatukuthubutu hata kuutazama. Sasa uzeeni huku...

Kadzo akasema nimwombe radhi mama mkwe wake. Nikaunganisha viganja kifuani kama wafanyavyo wenyeji wa huku, nikainama. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Jioni nimekuta ameweka chupa mbili. Moja iko kijumbani, mbele yake kijiti cha udi kinawaka. Ya pili iko kwenye kiti changu, ina mrija wake, na mbele yake amewasha kijiti cha udi vilevile.

Nimesali kwanza, ndipo nikainywa.