Miezi Minne na Siku Kumi

Msambweni, 20 Februari 2025

Yusra,

Miaka mitatu! Hata mbuzi aliyepotea Kinango hurudi kuchungulia zizi lake. Babu yako Sefu tumemzika tarehe tatu. Hangani, kwenye matanga yake, watu wamekuja mpaka wa Ramisi, na kila aingiaye ananiuliza, "Yusra yuko wapi?" Nawajibu yuko Chile anatazama nyota. Wanarudi kwenye kahawa yao. Afadhali wangecheka.

Haya, assalaam aleikum. U mzima? Unakula? Mimi mzima, ila magoti. Anayeandika ni Zainabu, mke wa mjomba wako, kwa simu yake, maana kalamu sikufunzwa. Anasema nisikukaripie. Andika, Zainabu, usinipunguzie maneno.

Nimeingia eda. Miezi minne na siku kumi sitoki nyumbani, sijitii manukato. Siku ya kutoka, kwetu mjane hushikwa mkono na binti yake akatolewa mlangoni. Mama yako ametangulia, Mungu amrehemu. Mwengine simtaki. Ni wewe.

Bibi yako

—

Chile, 25 Februari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijambo, isipokuwa midomo imepasuka. Jangwa hili ni kavu kuliko Kinango mwaka usio na mvua. Magoti yanasemaje?

Sina uso wa kukutazama. Zamu yangu kwenye mitambo niliingoja miaka miwili, na ilianza tarehe nne, kesho yake Babu kuzikwa. Ningeondoka angepewa mwengine, na masomo yangu yangeishia hapo. Nilikaa nikilia mbele ya hesabu. Hapa hakuna anayemjua Babu hata jina, Bibi. Hakuna wa kuniambia pole kwa Kiswahili.

Nakueleza ninachotazama, usije ukadhani ni upuzi. Nyota huzaliwa. Mwanzo ni wingu la gesi na vumbi, baridi sana, linajikunja kwa uzito wake mpaka katikati pakapata moto. Lakini vumbi limeifunika nyota; kwa macho unaona giza tu. Sisi tuna masahani makubwa ya chuma yanayopokea mawimbi yanayopenya vumbi hilo. Mabaki huizunguka nyota kama unga kwenye ungo, na humo ndimo sayari hujikusanya. Mimi nimeona pengo katika vumbi. Sayari yenyewe hatuioni, bado changa mno. Twajua ipo kwa sababu ya pengo.

Nitakuja kukutoa. Naahidi.

Mjukuu wako

—

Msambweni, 16 Aprili 2025

Marahaba, Yusra. Barua yako ilifika kabla ya Ramadhani nikakaa nayo kwa hasira. Idi imepita, na hasira imepita, nusu. Idi nimeisikia dirishani: takbira, watoto na viatu vipya, kisha kimya. Hujambo? Midomo imepona? Paka samli.

Sasa nikusahihishe. Unga hauzungushwi kwenye ungo, unga huchekechwa. Kinachozungushwa ungoni ni mchele, ili chenga zijikusanye mahali pamoja. Nilikufunza mwenyewe, nawe umesahau. Wambie wenzio warekebishe.

Na hilo pengo, Zainabu amenisomea mara nne. Kitanda chetu cha kamba kimebonyea upande wa babu yako. Zainabu alitaka kuzikaza kamba. Nilimtoa chumbani mbio. Uliposema mwajua kitu kipo kwa pengo lake, nikasema huyu mtoto hakusoma bure.

Hiyo nyota yakaa humo vumbini muda gani? Na mkunga wake nani?

Bibi yako

—

Chile, 2 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumai magoti yametulia. Mchele nimeurekebisha katika andiko langu, mwalimu wangu kacheka akaniomba niandike humo na jina lako.

Mkunga hakuna, ni uzito wake wenyewe. Hukaa humo miaka malaki, hata vumbi likapukutika.

Nimepewa ruhusa. Nimeketi na kalenda, nimehesabu miezi minne na siku kumi, nimekata tiketi. Siku yako ya kutoka, nitakuwa mlangoni.

Mjukuu wako

—

11 Juni 2025

Shikamoo Bibi. Niko uwanja wa ndege, napanda sasa hivi. Keshokutwa tarehe 13 asubuhi nitashuka Mombasa, siku yenyewe ya kutoka eda.

Mjukuu wako

—

Msambweni, 11 Juni 2025

Siku yenyewe ni leo, wewe!

Leo ni kumi na nne Mfunguo Tatu, mwezi wa hija. Unasoma mbingu nzima, kisha unahesabu eda kwa kalenda ya ukutani? Eda huhesabiwa kwa miezi ya kuandama, mifupi kuliko hiyo ya ukutani, mtoto. Mwezi mmoja tu ule, mkubwa, hata mbuzi anauona, nawe umeuruka.

Tangu alfajiri nimekaa nikitazama mlango. Kila hatua nikasema ni yeye. Baada ya adhuhuri ikaingia barua yako. Zainabu akaisoma, akaenda akarudi na udi na leso mpya. "Mama, wakati umefika, nikutoe."

"Rudi na udi wako."

"Eda imekwisha, Mama. Ustadhi mwenyewe amesema."

"Nimesikia. Sasa sikai eda, namngoja mtu. Kamuulize ustadhi kama hilo nalo ni haramu."

Akaketi kizingitini akacheka mpaka akalia. Nami vivyo hivyo.

Hakuna anizuiaye, Yusra. Mlango u wazi, kuku wanaingia na kutoka watakavyo. Siku zile zote nilipewa, nikazikaa. Hizi mbili nimezichagua mwenyewe, na ndizo ndefu kupita zote. Usije ukaniuliza kwa nini.

Sasa sikiza. Ukishuka usipitie kwa mjomba wako kula, wala usinipigie simu kuniambia umefika Ukunda. Njoo moja kwa moja. Usibishe hodi. Nishike mkono wa kushoto, kwa upande wa goti bovu, na nje usiniharakishe. Jua nitalizoea polepole.

Bibi yako